Nyama Laini Inaanzia kwenye Chuchu: Jinsi Unavyolisha Vitoto vya Mbuzi Ndivyo Utakavyouza Nyama

 

Vijana wengi ninaowatembelea huku Dodoma wanapoanza ufugaji wa mbuzi kibiashara huniuliza maswali yaleyale: nianze na mbuzi wangapi, beberu gani, banda la mbao au la miti. Ni maswali mazuri. Ila lipo moja ambalo halina haraka ya kuulizwa, nalo ndilo linaloamua kama mteja atarudi: nyama yangu itakuwaje ikifika kwenye sahani?

Wengi wanaamini ubora wa nyama unatengenezwa miezi miwili ya mwisho, kwa kumfungia mbuzi na kumjaza pumba. Unenepeshaji una kazi yake, na tutaufikia. Lakini sehemu kubwa ya ulaini wa nyama, rangi yake na mahali mafuta yanapokaa huamuliwa mapema, kitoto kikiwa bado kinanyonya na muda mfupi baada ya kuachishwa. Ukikosea hapo, pumba za baadaye zitakupa kilo, ila ulaini uliopotea haziurudishi.

Mbuzi wawili, kilo 18 kila mmoja, nyama mbili tofauti

Kikundi kimoja cha vijana ninachokihudumia kilipata oda ya mbuzi 10 wa ndafu kwa ajili ya harusi. Bandani walikuwa nao 6 tu, wakaenda mnadani kuongezea 4. Walipima wote kwa mizani, na wote walikuwa karibu kilo 18 uzito hai. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Siku ya pili mpishi akapiga simu: sita walikuwa safi kabisa, wanne walikuwa wagumu na waliachwa nusu.

Nilipowauliza kuhusu meno, mmoja akakumbuka: wale wa mnadani walikuwa wameshang'oa meno mawili ya mbele na kuota makubwa. Hapo jibu lilikuwa limepatikana. Mbuzi huota jozi ya kwanza ya meno ya kudumu akiwa amepita mwaka mmoja hivi. Wale wa bandani walikuwa na miezi saba. Uzito mmoja, umri karibu mara mbili.

Kwa nini umri unaleta ugumu? Misuli ya mnyama imeshikiliwa na nyuzi ngumu za kolajeni. Mnyama akiwa mdogo, nyuzi hizo zikipata moto zinalainika na kuyeyuka kirahisi. Kadiri anavyozeeka, zinafungamana zaidi na zaidi, na moto wa kawaida wa jiko la nyama choma hauziwezi tena. Mbuzi wa namna hiyo anafaa supu ya kuchemka saa tatu, si ndafu.

Kwa hiyo mfugaji wa kibiashara ana lengo moja: afikishe uzito wa soko kabla umri haujafika. Chukua mfano rahisi. Kitoto kimezaliwa na kilo 2, na soko linataka kilo 18. Zinahitajika kilo 16 za kuongeza. Kikikua kwa gramu 80 kwa siku, kitafika baada ya siku 200, yaani miezi sita na nusu hivi. Kikikua kwa gramu 40, utasubiri siku 400, zaidi ya mwaka. Hapo umelipa mchungaji, dawa za minyoo na chanjo kwa miezi sita ya ziada, halafu unauza nyama ngumu zaidi. Unapata hasara mara mbili.

Siku ya kwanza: dang'a

Kila kitu kinaanza na dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya mwanzo. Kitoto huzaliwa bila kinga, na kinga yote ya wiki za mwanzo inatoka humo. Utumbo wake una uwezo wa kuipokea kwa saa chache tu, baada ya hapo mlango unafungwa. Kiasi cha kulenga ni asilimia 10 ya uzito wa kitoto ndani ya saa 24, na nusu yake iwe imeshaingia ndani ya saa 6. Kitoto cha kilo 2 kinahitaji kama mililita 200.

Unaweza kuuliza, dang'a na ulaini wa nyama vinahusiana vipi? Kwa njia ya moja kwa moja kabisa. Kitoto kilichokosa dang'a ndicho kinachoharisha, ndicho kinachopata kichomi, ndicho kinachodumaa. Na kitoto kilichodumaa ndiye yule mbuzi wa mnadani mwenye meno makubwa na mwili mdogo.

Maziwa: njia tatu na matokeo yake

Kabla ya kulinganisha, tuelewe tumbo. Mbuzi mkubwa ana tumbo lenye vyumba vinne, na chumba kikubwa, rumeni, ndicho kinachochachusha majani. Kitoto kikizaliwa, rumeni yake ni ndogo na haifanyi kazi. Kinaponyonya, mfereji mdogo hujikunja na kuyapitisha maziwa moja kwa moja hadi chumba cha nne. Kwa hiyo katika wiki za mwanzo kitoto kinayeyusha chakula karibu kama mnyama wa tumbo moja. Mafuta yaliyomo kwenye maziwa huingia mwilini bila kubadilishwa sana, na ndiyo yanayokuwa mafuta ya nyama yake. Baadaye rumeni ikianza kazi, vijidudu vyake huyabadilisha mafuta ya chakula kabla hayajafika mwilini, na mafuta ya nyama huwa magumu zaidi.

*Njia ya kwanza: kunyonya mama bila kuzuiwa.* Ndiyo bora kwa nyama. Kitoto hunyonya kidogo kidogo mara nyingi, maziwa yana joto sahihi, mfereji unafunga vizuri. Vitoto hivi hukua haraka na nyama yake huwa laini, ya rangi ya waridi iliyofifia. Rangi hiyo inatokana na maziwa kuwa na madini kidogo ya chuma. Kitoto kikianza kula majani na kukimbia, nyama inazidi kuwa nyekundu. Si kasoro, ni hatua ya ukuaji.

*Njia ya pili: kufungiwa kutwa, kunyonya asubuhi na jioni.* Hii ndiyo iliyozoeleka kwetu. Mama anakwenda malishoni, kitoto kinabaki kwenye tenga au kibanda mpaka jua linazama. Sababu zake zinaeleweka: kitoto kidogo hakiwezi kutembea kilomita nyingi, na fisi wapo. Tatizo si kufungiwa, tatizo ni kufungiwa bila chochote. Saa 10 hakina maji wala majani, kinalamba udongo na kuokota vijidudu vya kuhara, halafu jioni kinanyonya kwa pupa. Wengine huongeza kosa kwa kukamua mama kwanza. Ukitumia njia hii, hakikisha ndani kuna maji safi, majani mabichi yaliyoning'inizwa na chakula cha ziada nitakachokieleza chini. Mama naye apewe chakula cha nyongeza akirudi, kwa sababu hawezi kutoa maziwa asiyoyala.

*Njia ya tatu: chupa.* Ni ya yatima, ya mapacha watatu, au ya mama asiye na maziwa. Maziwa ya ng'ombe yanafaa. Yachemshe, yapoe hadi nyuzi 38 au 39, kisha kinyweshe kwa chuchu, kichwa kikiwa kimeinuka kama kinavyonyonya mama. Kwa siku lenga asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake; kitoto cha kilo 3 kipate mililita 450 hadi 600, umegawa mara nne. Ukikilazimisha kugugumia kwenye ndoo, au ukikipa maziwa ya baridi, mfereji unaweza usifunge, maziwa yakaingia kwenye rumeni na kuchacha. Hapo utaona tumbo limevimba na kuhara. Ukinunua maziwa ya unga ya vitoto, soma aina ya mafuta yaliyomo: kwa sababu niliyoeleza, mafuta ya mimea badala ya mafuta ya maziwa hubadilisha aina ya mafuta yatakayokaa kwenye nyama.

Kuna nchi ambako biashara nzima imejengwa juu ya nyama ya kitoto cha maziwa tu. Hispania na Mexico wanaiita cabrito, na mji wa Monterrey kule Mexico unasifika kwa kuichoma. Vitoto huchinjwa vikiwa na umri wa mwezi mmoja na kitu, havijaonja majani. Nyama ni nyeupe na laini mno. Sikushauri uiige kwa mbuzi wetu wa kienyeji, maana mzoga wa kilo nne hautakulipa hapa. Ila somo lake tulichukue: kile kitoto inachokula ndicho mteja anachokionja.

Wiki ya 2 hadi mwezi wa 3: ifundishe rumeni kazi

Maziwa ya mama hufika kilele chake katika wiki za mwanzo, kisha yanashuka wakati mahitaji ya kitoto yanapanda. Pengo hilo ndilo linalodumaza mbuzi wengi. Linazibwa kwa kizimba cha vitoto: kona ya banda iliyozungushiwa mbao, yenye uwazi ambao kitoto kinapita na mama hapiti. Ndani weka chakula cha vitoto peke yao kuanzia wiki ya pili. Mwanzoni vitachezea tu. Usikate tamaa, badilisha chakula kila siku kiwe kipya. Rumeni inakua kwa kufanyishwa kazi, na kufikia wiki ya 6 hadi ya 8 inakuwa imeanza kujitegemea.

Mchanganyiko huu wa kilo 100 unatosha kwa kuanzia, na una protini ya asilimia 16 hivi:

- Mahindi yaliyoparazwa: kilo 40
- Mashudu ya alizeti: kilo 25
- Pumba za mahindi: kilo 22
- Soya iliyokaangwa na kusagwa: kilo 10
- Chokaa ya mifugo: kilo 2
- Chumvi yenye madini: kilo 1

Angalizo mbili. Kwanza, usiweke mashudu ya pamba kwenye chakula cha vitoto. Yana sumu ya gosipoli, na kitoto ambacho rumeni yake haijakomaa hakiwezi kuihimili. Pili, mashudu au mahindi yenye ukungu usiyajaribu hata kidogo. Sumukuvu haionekani kwa macho, na inaharibu ini kabla hujajua kuna shida.

Kuachisha kunyonya usitumie kalenda peke yake, tumia mizani. Kitoto kiwe na uzito wa mara mbili na nusu hadi tatu ya kile kilichozaliwa nacho, na kiwe kinakula chakula cha kizimba bila kusukumwa. Mbuzi wetu wengi hufika hapo karibu na miezi mitatu. Kinachoachishwa ghafla bila kuzoea hukaa wiki mbili au tatu hakiongezi hata gramu, na zile siku 200 zinaanza kurefuka.

Majani au nafaka? Vyote, ila kwa kipimo

Baada ya kuachishwa kuna makundi mawili. La kwanza linasema mbuzi ni wa porini, atajitafutia. La pili linafungia na kumwaga pumba. Tuangalie nyama inasemaje.

Mbuzi wa malisho tu hutoa nyama nyekundu, yenye mafuta kidogo. Majani mabichi humpa vitamini E, ambayo husaidia nyama ikae na rangi nzuri muda mrefu buchani, na pia mafuta ya omega-3 kwa wingi zaidi kuliko mbuzi wa nafaka. Tatizo letu ni kiangazi. Kuanzia Julai mpaka mvua zinyeshe, malisho ya Dodoma na Singida ni mabua na vumbi, ukuaji unasimama, umri unaendelea.

Mbuzi anayeongezewa nafaka na mashudu hukua haraka, anakuwa na nyama nyingi na mzoga wake unapata mafuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamefanya majaribio ya namna hii kwa mbuzi wadogo wa Afrika Mashariki na chotara wao, na faida kwenye uzito wa mzoga ilionekana. Lakini mbuzi si ng'ombe. Mafuta yake huanza kujazana tumboni na kwenye figo, na ya juu ya nyama au katikati ya misuli huja mwisho na kwa uchache. Ukiendelea kummiminia pumba baada ya kufika uzito, unanunua mafuta ya utumbo ambayo hayauzwi kwa bei ya nyama.

Kuna jambo lingine. Mbuzi mdogo anayekula nafaka nyingi mno na majani machache hupata mafuta yaliyo laini kupita kawaida, yasiyoganda vizuri. Mpishi atakwambia yanateleza. Na kabla hujafika huko, utapambana na tindikali tumboni, vifo vya ghafla, na kwa madume, mawe ya mkojo. Pumba na mashudu vina fosforasi nyingi, ndiyo maana chokaa haikosekani kwenye mchanganyiko: lenga kalisi iwe mara mbili ya fosforasi. Maji ya kunywa yawepo muda wote.

Kipimo ninachokitumia na vijana ni hiki: nusu ya chakula au zaidi iwe majani. Mbuzi anayekua apate gramu 200 hadi 300 za mchanganyiko kwa siku. Katika siku 60 za mwisho panda taratibu hadi gramu 400. Majani yawe na mchanganyiko wa mikunde. Lukina ni nzuri, ila isizidi theluthi ya chakula, kwa sababu ikizidi ina sumu inayonyonyoa manyoya na kuzuia ukuaji. Huku kwetu kuna hazina tunayoikanyaga: matunda ya migunga. Yakusanye yanapodondoka, yakaushe, yahifadhi kwenye magunia, kisha yaponde na kuwapa kiangazi. Yana protini na hayana gharama zaidi ya kuokota.

Anza na soko, kisha rudi kwenye banda

Usilishe kwanza halafu utafute mteja. Kila soko lina mbuzi wake:

- *Ndafu na hoteli:* wanataka mchanga, miezi 6 hadi 8, mwenye tabaka jembamba la mafuta ili nyama isikauke kwenye moto. Huyu ndiye wa kizimba na mchanganyiko.
- *Nyama choma na bucha:* mzoga mkubwa zaidi, hadi mwaka mmoja. Malisho na nyongeza ya kiangazi vinatosha.
- *Machinjio yanayosafirisha nchi za Ghuba:* hupendelea mizoga midogo ya mbuzi wachanga, isiyo na mafuta mengi. Ukinenepesha kupita kiasi umejiharibia.
- *Supu:* hapa ndipo wanapokwenda wakubwa na mama waliostaafu. Hawastahili gharama ya mashudu.

Dume utakayemuuza baada ya miezi sita, amua mapema kama utamhasi. Beberu aliyepevuka ana harufu ambayo hakuna ulishaji unaoiondoa.

Usiiharibu kazi ya miezi saba kwa siku moja

Nyama inahitaji sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli. Baada ya kuchinja, sukari hiyo hugeuka tindikali, na nyama nzuri hutulia kwenye pH ya 5.5 hadi 5.8. Mbuzi aliyeshinda njaa, aliyefungwa miguu kwenye bodaboda au aliyepigiwa kelele usiku kucha mnadani, sukari yake imeisha. Nyama yake inabaki na pH ya 6 na zaidi: nyeusi, kavu kwa kugusa, na inaharibika mapema. Mbuzi ni mwoga kwa asili, kwa hiyo anaathirika kirahisi.

Alishwe vizuri mpaka siku ya mwisho kabla ya safari. Akifika machinjioni apumzike usiku mmoja pamoja na wenzake anaowajua, apate maji, asipewe chakula. Baada ya kuchinjwa, mzoga usikimbizwe kwenye friza ukiwa wa moto. Mzoga wa mbuzi ni mdogo na hauna mafuta mengi ya kuufunika, unapoa haraka, na misuli ikipoa kabla ya kutulia hujikaza na kuwa kama mpira. Uning'inize mahali pa ubaridi wa kawaida kwa saa kadhaa kwanza, ndipo uende kwenye baridi kali.

Nunua daftari kabla ya pumba

Ukitaka kuanza leo, usianze na gunia la mashudu. Anza na daftari na mizani ya kuning'iniza. Andika tarehe ya kuzaliwa, uzito wa kuzaliwa, kisha pima kila baada ya wiki mbili. Kitoto kisichoongeza angalau kilo moja kwa wiki mbili, kifuatilie palepale: mama ana maziwa? Kuna minyoo? Chakula cha kizimba kimeoza?

Daftari hilo pia ni silaha yako sokoni. Mchuuzi wa mnadani hununua kwa macho na kwa kumshika mgongo mbuzi. Mpishi wa hoteli, ukimwonyesha kwamba mbuzi huyu ana miezi saba na amefika kilo 18, huna haja ya kubishana naye bei kwa kelele. Anajua anacholipia, na wewe unajua ulichokitengeneza.